Huduma za wanafunzi katika chuo kimoja cha kati jijini Mwanza: tathmini ya mhitimu

Msimu wa udahili unapofika, wazazi na vijana wengi wa Kanda ya Ziwa huulizia mambo matatu kuhusu chuo: ada ni kiasi gani, hosteli ipo au haipo, na cheti chake kinatambulika au hakitambuliki. Ni maswali ya msingi, wala sitamlaumu mtu kwa kuyauliza. Hata hivyo, kwa jinsi nilivyoona wenzangu wakianza kozi kwa matumaini makubwa na baadhi yao wakiishia njiani, nimekuja kuamini kwamba swali la nne lina uzito kuliko hayo yote: mwanafunzi akianza kuadimika darasani, ni nani pale chuoni mwenye kazi ya kumtafuta?

Tathmini hii inahusu huduma za kuwasaidia wanafunzi katika chuo kimoja cha kati kilichopo Manispaa ya Ilemela. Nilisoma uhasibu pale kuanzia ngazi ya cheti hadi stashahada, huku nikitunza vitabu vya mauzo vya mfanyabiashara mmoja wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni upungufu, na nia yangu ni kumsaidia anayetafuta chuo ajue aangalie nini, popote atakapokwenda.

Nianze na dawati la udahili, ambalo lilinifanya nikiamini chuo hiki tangu mapema. Sharti la kujiunga na ngazi ya 4 ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, yaani mwaka wa kwanza wa cheti, ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiki. Vijana wengi hawalijui hili mpaka wafike dirishani. Siku niliyopeleka fomu zangu, mbele yangu alikuwapo kijana kutoka Kwimba akiwa na mama yake. Ufaulu wake ulikuwa wa masomo manne, lakini mojawapo lilikuwa la dini. Ofisa udahili, mama wa makamo, hakuipokea fedha aliyokuwa ameishika yule mama. Alimketisha, akamwambia kwa utulivu, "Mama, nikiichukua hela yako leo, mtoto atasoma mwaka mzima na usajili wake utakataliwa." Kisha akamweleza kijana jinsi ya kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea ili arudie somo moja au mawili katika mtihani wa Novemba, na akamtajia pia VETA ya Nyakato, ambako mafunzo ya ufundi yana ngazi zake na masharti yake tofauti. Yule mama aliondoka na fedha yake, na nadhani aliondoka pia na heshima yake. Ipo biashara nyingi ya elimu siku hizi inayopokea ada kwanza na kuuliza sifa baadaye, kwa hiyo jambo hili nalipa alama za juu kabisa.

Huduma ya pili, ambayo kwangu ndiyo moyo wa chuo, ni ushauri wa masomo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupangiwa mkufunzi mmoja wa kumfuatilia, na kundi la kila mkufunzi halizidi darasa moja. Mshauri wangu alikuwa na kauntabuku kubwa yenye jalada la bluu. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mwanafunzi, namba yake ya simu, namba ya mzazi au mlezi, mahali anapoishi, na chini yake safu za majaribio ya muhula. Aliyekosa jaribio moja aliwekewa alama ya kalamu nyekundu, na kabla wiki haijaisha alipigiwa simu. Hakukuwa na teknolojia yoyote ya ajabu katika utaratibu huo. Kulikuwa na daftari, kalamu, vocha, na mtu aliyejua kwamba hiyo ni kazi yake.

Nilishuhudia thamani ya daftari lile kwa mwenzangu mmoja aliyekuwa akitokea Kisesa. Alikuwa anajitahidi sana darasani, lakini baba yake alipougua nauli ya kila siku ikawa haipatikani, akaacha kuja bila kumwambia mtu. Wengi wanaoacha chuo huondoka hivyo, kimyakimya, na mara nyingi hata wao wenyewe hawasemi kwamba wameacha. Hujiambia kwamba watarudi mambo yakitulia. Mshauri alimpigia, akamkosa, akampigia mama yake. Baadaye alimfanyia mpango na ofisi ya taaluma ahamie mkondo wa jioni, ili mchana afanye kibarua na apate nauli. Alimaliza pamoja nasi. Bila ile alama nyekundu, sidhani kama kuna mtu angegundua kwamba hayupo hadi wiki ya mitihani, na wakati huo ingekuwa imekwisha.

Wanaofuatilia habari za elimu watajua kwamba jambo hili limepimwa kwa makini nchini Marekani, katika vyuo vyao vya jamii, ambavyo hutoa kozi za miaka miwili kwa watu wa eneo husika na kuwaandaa wengine kuhamia vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP, ambao uliwapa wanafunzi wa vyuo hivyo mshauri mwenye kundi dogo, msaada wa vitabu, nyongeza ya kufidia ada pale misaada mingine ilipopungua, na kadi ya usafiri wa mjini, kwa sharti kwamba wasome muda wote na waonane na mshauri mara kwa mara. Mshauri wa mpango ule alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80, wakati washauri wa kawaida katika vyuo hivyohivyo walikuwa na mamia, hata zaidi ya elfu moja. Watafiti walipolinganisha makundi mawili yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa katika mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Niliposoma takwimu hizo niliikumbuka ile kauntabuku. New York na Ilemela hazifanani kwa bajeti, lakini nauli iliyokosekana humtoa mtu darasani kwa namna ileile huku na kule.

Upungufu ninaouona hapa ni kwamba ufuatiliaji huu unafanyika kwa uzito mwaka wa kwanza tu. Ukifika stashahada unaambiwa wewe sasa ni mtu mzima, na daftari halikufuati tena. Nitalirudia jambo hili nitakapofika kwenye suala la kuendelea na shahada, maana huko ndiko lilikotuumiza.

Msaada wa masomo yenyewe ni mzuri, na darasa la Jumamosi la hisabati ni zuri kupita kiasi. Hisabati ndilo somo linaloongoza kwa kufelisha katika kidato cha nne nchini, na wengi wetu tulifika chuoni tukiwa na F ya somo hilo, kisha tukakutana na hesabu za biashara na takwimu muhula wa kwanza. Chuo kilitambua kwamba sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, zinatoka hapo. Kikaweka darasa la asubuhi ya Jumamosi, lisilo na malipo, likifundishwa na mkufunzi mmoja akisaidiwa na wanafunzi wa mwaka wa pili waliofaulu vizuri. Mkufunzi yule hakuanza na kanuni. Aliuliza nani anafanya kazi Mwaloni, nikanyoosha mkono, naye akaandika ubaoni: umenunua ndoo 40 za dagaa, umewaanika, mvua imenyesha usiku na ndoo 6 zimeoza, umepoteza asilimia ngapi, na zilizobaki uziuze kwa bei gani ili usile mtaji? Darasa zima likaingia kazini. Asilimia 15 ile sikuihitaji kuikariri, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuiona ikimwagwa ufukweni. Walioona aibu kuuliza mbele ya mkufunzi waliwauliza wenzao wa mwaka wa pili kwa Kiswahili cha kawaida, na wakati mwingine kwa Kisukuma, kisha wakajifunza namna ya kulijibu swali hilohilo kwa Kiingereza cha mtihani. Nashauri kila chuo kinachopokea vijana wa shule za kata kiige utaratibu huu kama ulivyo.

Maktaba na chumba cha kompyuta ni vya wastani. Vitabu vya uhasibu ni vichache na vya matoleo ya zamani, kompyuta zinatosha asubuhi lakini jioni hazitoshi, na intaneti hukatika. Mwenye muda aitumie pia maktaba ya mkoa iliyopo mjini, ambayo ina utulivu wa kusomea.

Kuhusu fedha, nina sifa moja na lawama moja. Sifa ni kwamba ada inalipwa kwa awamu, na mwenye tatizo la kweli anaweza kuandika barua, akaonana na mhasibu wa chuo pamoja na mshauri wake, akapewa tarehe mpya kabla ya mitihani badala ya kuzuiwa mlangoni siku yenyewe. Makubaliano huandikwa na kila upande hubaki na nakala, jambo linaloondoa kusutana.

Lawama ni kuhusu mikopo. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada, lakini kwa fani za kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu wa ufundi, usafirishaji na lojistiki, nishati, madini, pamoja na kilimo na mifugo. Uhasibu haukuwemo. Habari ilipofika chuoni, kilibandikwa tangazo fupi ukutani lisilotaja fani, na dawati la huduma kwa wanafunzi halikutoa maelezo yoyote. Wenzangu kadhaa walihangaika kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wakakusanya viambatisho na kutumia fedha waliyoitoa kwenye chakula, kwa mkopo ambao fani yao haikuruhusiwa kuuomba. Mwongozo wa maombi ulikuwa wazi mtandaoni. Ofisa mmoja angeusoma kwa nusu saa na kuandika mistari mitano, angewaokolea watu gharama na uchungu wote ule. Kwa mwanafunzi anayekula mlo mmoja kwa mama ntilie ili abakize nauli, taarifa sahihi ni msaada wa fedha kabisa.

Ushauri nasaha upo, na mshauri mwenyewe ni mtu msikivu na mwenye mafunzo. Tatizo ni chumba. Kimetenganishwa na dirisha la malipo kwa ubao mwembamba, kiasi kwamba anayesubiri risiti husikia sauti ya anayelia ndani. Binti mmoja niliyekuwa nikikaa naye darasani alifika mlangoni, akasikia jinsi sauti zinavyopita, akageuka. Viongozi wa serikali ya wanafunzi walilisema jambo hili kwa heshima zote na chuo hakikulikataa, ila hadi ninahitimu chumba kilikuwa palepale. Kuhamishia huduma hiyo kwenye chumba kimojawapo cha nyuma kusingegharimu kitu.

Kwa wanafunzi wenye watoto wadogo, chuo hiki hakina lolote la kuwapa, na nasema hivyo kwa masikitiko. Kuna waliokuwa wakimwacha mtoto kwa jirani huko Igoma au Buhongwa, na jirani akipata dharura, mama anakosa jaribio. Hapa ndipo ninapowashauri akina dada walio katika hali hiyo wasivipite Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kudhani ni vya watu walioshindwa. Vyuo hivi, ambavyo vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden na sasa ni 54 nchini, vipo karibu nasi: Malya kule Kwimba, Sengerema na Karumo ng'ambo ya ghuba. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa kwa kushirikiana na taasisi ya Karibu Tanzania, vimewapokea wasichana waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wakasoma masomo ya sekondari pamoja na fani kama ushonaji, umeme au mapishi, na vituo vya kulelea watoto vimewekwa vyuoni ili mama asome huku mtoto akiwa karibu. Tangu Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi, njia zimekuwa nyingi zaidi, lakini ruhusa hiyo haimbebi mtoto wakati mama yuko darasani. Chuo nilichosoma mimi kina ukumbi unaokaa mtupu siku nzima, na walezi wa kujitolea wangepatikana.

Usafiri umebadilika kwa kiasi kikubwa, ingawa sifa hiyo si ya chuo. Waliotokea Sengerema walikuwa wakipangiwa maisha yao na kivuko cha Kigongo–Busisi. Foleni ikiwa ndefu, kipindi cha kwanza kimekwenda. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, udhuru huo umekwisha. Wa Ukerewe bado wanategemea ratiba ya meli ya Nansio, na nakipongeza chuo kwa kuwaruhusu kuripoti siku moja baadaye muhula unapofunguliwa, bila adhabu.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ni eneo dhaifu. Mwanza ina viwanda vya kusindika samaki, viwanda vya kuchambua pamba katika wilaya za jirani, halmashauri, SACCOS na maduka makubwa ya jumla, na zote zina kazi ya hesabu. Lakini barua za kuombea nafasi hutolewa zikiwa zimechelewa, wakati wanafunzi wa vyuo vikubwa vya fedha na biashara vilivyopo hapahapa jijini wameshazijaza. Mwenye mjomba ofisini anapata nafasi; asiye na mtu anazunguka na bahasha kutoka Makoroboi hadi Nyakato. Chuo hakina orodha ya waajiri waliowahi kupokea wanafunzi wake, ingawa kila ripoti ya fildi ina jina la mwajiri na mhuri wake, na ripoti hizo zimejaa kabati. Mwanafunzi mmoja wa kujitolea angeweza kuitengeneza orodha hiyo katika likizo moja. Usimamizi wakati wa fildi nao hutegemea bahati: wapo wakufunzi wanaofika, wakaketi na msimamizi wako na kukagua daftari lako la kila siku, na wapo wanaopiga simu tu na kuuliza kama unaendelea vizuri.

Sasa nifike kwenye suala la shahada. Wengi wetu tunaoingia ngazi ya cheti tuna ndoto ya kwenda mbele, kwa sababu alama za kidato cha nne hazikutupeleka kidato cha tano, na njia ya stashahada ndiyo iliyobaki. Njia hiyo ipo kweli na ni halali. Lakini ina mlango wenye kipimo: kwa mujibu wa miongozo ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mwenye stashahada anatakiwa awe na angalau GPA (wastani wa alama zake zote) ya 3.0, pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne, na anahitaji namba ya uthibitisho wa tuzo kutoka NACTVET ili aweze kuomba. Kuhitimu stashahada kunahitaji GPA ya 2.0 tu. Mtu anaweza kufaulu kila somo bila sapu hata moja, akavaa joho, akapigwa picha na wazazi, kisha akagundua kwamba hawezi kuomba chuo kikuu. Tulielezwa haya katika kikao cha mwisho, wakati mitihani ilikuwa imebaki michache na hesabu ya GPA haiwezi tena kupanda. Rafiki yangu mmoja alihitimu na 2.9. Alikuwa akifanya kazi za usiku, na aliridhika na alama za C kwa kuamini kwamba kufaulu ni kufaulu. Angeambiwa katika wiki ya kwanza ya stashahada, angeomba zamu nyingine kazini au angeliwahi darasa la Jumamosi kama alivyofanya mwaka wa kwanza. Ana uwezo huo, nimesoma naye. Chuo kilichomfuatilia kwa kalamu nyekundu alipokosa jaribio moja la ngazi ya 4 kilimwachia jambo zito kuliko lile alibahatishe mwenyewe.

Kwa sababu hiyo naomba uongozi ufanye mambo mawili kabla ya udahili ujao: kauntabuku imfuate mwanafunzi hadi ngazi ya 6, yaani mwisho wa stashahada, na sharti la GPA ya 3.0 litamkwe siku ya kwanza ya stashahada, kwa Kiswahili, mbele ya kila darasa.

Mdogo wangu anamaliza kidato cha nne mwaka huu, na nitampeleka chuo hikihiki kwa ajili ya udahili wake wa haki, washauri wake wa mwaka wa kwanza na lile darasa la hisabati, ila GPA yake nitaihesabu naye mimi mwenyewe kila muhula. Anayetaka kwenda kuulizia chuo chochote asiishie dirisha la malipo. Aombe kuonana na mshauri wa masomo wa kozi yake kabla hajalipa kitu, amuulize ana wanafunzi wangapi, amwombe amweleze alichofanya mara ya mwisho mwanafunzi wake alipokosa jaribio, na aulize wahitimu wa mwaka uliopita walifanyia fildi wapi. Atakayejibiwa kwa majina ya mahali na kwa daftari lililofunguliwa mezani, alipie.